Mzinga wa Ndoo ya Rangi

Fundi viatu wa pale karibu na stendi ya Mpanda anashona kizamani. Kabla hajatunga uzi kwenye sindano, anauburuza kwanza juu ya kibonge cha nta, kile cha kahawia kilichochorwa mistari na nyuzi za miaka yote, ndipo anaanza. Juzi nilimpelekea kiatu cha mwanangu kilichoachama mdomo. Nikakaa kwenye kibenchi chake kusubiri, jua linachoma, mimi nalalamika kimoyomoyo kwamba viatu vya siku hizi vinatengenezwa kwa karatasi. Upepo ukageuka. Harufu ya ile nta ikanijia puani, na nakwambia sikusikia tena fundi ananiuliza nini. Akarudia, "Mama, nishone na cha pili?" Nikaitikia tu, ilimradi aninyamazie. Nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa mdogo, nimekaa chini ya mti nyuma ya vyoo vya kituo, mikono inanata.

Nililelewa kituo cha watoto, pale Kawajense. Najua nyie wa rika langu mkisikia neno kituo mnalaza shingo upande mmoja na kuanza "pole jamani". Acheni bwana. Tulikula, tulisoma, tulipigana, tulimezeshwa dawa za minyoo kama nyie tu. Nyumba yetu ilikuwa ndefu, bati jekundu, ukuta umepakwa bluu mpaka usawa wa kiuno na kuanzia hapo nyeupe, na ile nyeupe ilijaa alama za vidole kila mahali tulipoweza kufika kwa kuruka. Mlezi wetu mkuu alikuwa Mama Fina. Mama mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akipita kanga yake inaacha harufu ya sabuni ya mche. Alitupenda kwa vitendo: kutukata kucha, kutukagua masikio, kutupima homa kwa mgongo wa mkono. Kucheza na sisi hakujua. Sidhani kama yeye mwenyewe utotoni kuna mtu aliwahi kucheza naye.

Sebuleni kulikuwa na kabati la vioo. Kabati hilo mnalijua, hata kwenu lilikuwepo: vikombe vya wageni, sahani za maua, birika ambalo halijawahi kuonja chai tangu linunuliwe. La kituoni lilijaa midoli. Wageni wa kutoka mbali walikuwa wakija na mifuko, wanatoa dubu, wanatoa sungura, wanatoa magari yenye betri, na Mama Fina anavipokea kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo. Wakiondoka, anavifua vyote kwenye beseni, anavianika kwenye kamba, sungura kwa masikio, dubu kwa mkono mmoja, halafu vikikauka anavifungia na ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga.

"Vitachakaa," alikuwa akituambia tukibandika pua kwenye kioo. "Na wageni wengine wakija watakuta nini? Matambara?"

Wageni wengine wakija, kabati linafunguliwa. Kila mtoto anapewa chake, tunapangwa kwenye benchi, tunatabasamu, tunapigwa picha, tunaimba, kisha vinakusanywa. Mimi nilikuwa napewa mdoli wa nywele za njano ambaye ukimlaza anafumba macho. Nilimwogopa kidogo. Nilikuwa nikimshika kwa adabu kama mtu anayeshika mtoto wa jirani, na sikuwahi kumpa jina. Utampaje jina mtu ambaye atarudi kabatini kabla uji haujapoa? Lakini Mama Fina hakuwa na roho mbaya, msije mkamfikiria hivyo. Kwake yeye kitu kizuri ni cha kutunza, na kutunza maana yake ni kufungia. Ni nani kati yetu hakulelewa hivyo?

Kwa hiyo tukacheza na vya kwetu.

Shija ndiye aliyeanza. Alikuwa msichana wa Kisukuma, tunalingana urefu, wazazi wake walihamia huku na mifugo, yeye akaletwa kituoni baada ya mambo ambayo hakupenda kuyasema, nasi hatukumuuliza. Alichimba udongo wa kichuguu, akaulowanisha, akaufinyanga ng'ombe. Siyo ng'ombe wa kubahatisha. Wana nundu, wana pembe za kila namna, dume linajulikana dume, na kila mmoja ana jina lake. Kengele ya chakula ikigongwa, sisi wote tunatimua mbio, Shija haji. Mama Fina anamfuata huko nyuma, mikono kiunoni.

"Shija! Husikii kengele?"

"Nasikia, mayu," anamwita mama kwa Kisukuma. "Ng'ombe hawajanywa."

"Ng'ombe wa udongo hawanywi, watalowa!"

Shija anamwangalia kwa masikitiko, vile mtu anavyomwangalia mgeni wa mjini. "Ndiyo maana nawanywesha kidogo kidogo," anasema.

Mimi sikuwa na ng'ombe. Kwetu ni upande wa Ugalla, na baba yangu alikuwa mrina asali. Sura yake naikumbuka vipande vipande, leo jicho, kesho kidevu, lakini harufu yake ninayo nzima: moshi, jasho na nta. Akitoka msituni alikuwa ananikalisha pajani na kunipa kipande cha sega, nakitafuna mpaka utamu unaisha, inabaki nta tu mdomoni, na hiyo nta sitemi. Naitafuna mpaka usingizi unanichukua. Mama alipofariki, Baba alikaa na mimi msimu mmoja, akajaribu kunisuka, akashindwa, akanipeleka kwa mwanamke mwingine kijijini anisuke. Halafu siku moja tukapanda basi. Pale kituoni akachuchumaa mbele yangu, akanipa kibonge cha nta kilichofungwa kwenye kitambaa, akasema, "Nikitoka kurina nakuja kukuchukua." Basi. Akasimama, akamwambia Mama Fina, "Dada, niwekee." Nakumbuka mgongo wake ukitoka getini, shati limeliwa na cheche mabegani.

Msimu wa asali ukapita. Najua ulipita kwa sababu asali iliuzwa mpaka getini kwetu. Baba hakuja.

Sasa hapa ndipo akili ya mtoto inapofanya kazi yake, na mimi mpaka leo siichekei. Mrina asali ana alama. Kila mzinga anaoutundika anauchora alama yake, ili hata msitu uwe na mizinga ya watu hamsini, kila mmoja anajua wake na hakuna anayethubutu kugusa wa mwenzake. Ya Baba ilikuwa unyayo wa kwale: mstari mrefu, na vidole vitatu vimetawanyika mwishoni. Aliwahi kunibeba mabegani akanionyesha juu ya mti. "Ukiona hii," akasema, "ujue hapa lazima nitarudi." Mimi nikalishika neno hilo lilivyo. Nikaona kosa liko wapi: pale kituoni Baba hakuacha alama. Ameniacha mimi, lakini mimi sina chochote kilichochorwa. Angejuaje arudi wapi?

Kwanza nilijichora mkononi kwa mkaa. Mama Fina akanisugua kwa dodoki huku akiguna, "Mtoto wa kike unajipaka masizi kama sufuria!" Nikajichora tena, akasugua tena. Hapo nikajua mkono haufai. Unatakiwa mzinga.

Nyuma ya vyoo kulikuwa na mti mmoja mkubwa wa miombo, mtundu, uliosalia tangu enzi ambazo mtaa wote ule ulikuwa pori. Nilianza na makopo ya maziwa. Nikayatoboa kwa msumari, nikayachora unyayo wa kwale, nikayatundika kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Shija akaja kuangalia, kidole mdomoni, akaniuliza bei ya mzinga mmoja ni ng'ombe wangapi. Tukaelewana. Kuanzia hapo sijui nielezee vipi. Wengine wakaja, mmoja mmoja, na pale nyuma ya vyoo pakawa pori kweli. Kulikuwa na kambi ya warina asali na zizi la wafugaji. Majivu yalikuwa mto. Asali yetu ilikuwa matunda ya mbula yaliyopondwa na maji. Watoto wadogo kabisa, wale ambao hawawezi kazi ya maana, tuliwafanya nyuki: kazi yao ilikuwa kuvuma na kufinya. Mimi nakuja na kienge changu cha majani makavu yasiyo na moto, napuliza "fuu, fuu", nyuki wanakohoa, wanalewa moshi, wanaanguka mmoja mmoja kwenye vumbi, wamefumba macho, wanatabasamu. Narina. Nagawa. Wafugaji wanalipa.

Nikiiwaza michana ile, mwanga wake hauko sawa na mwanga wa mahali pengine. Ulikuwa wa njano nzito, unashuka polepole kwenye majani ya mtundu, sauti za mtaa zinasikika zimetoka mbali, jogoo, pikipiki, redio ya mtu. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa akikojoa kitandani kila siku, siku aliyokuwa nyuki hakukojoa. Kulikuwa na mwingine hakuwahi kusema neno tangu aletwe, na neno lake la kwanza tulilisikia pale: "Vvvvv." Mama Fina alikuwa akipita na ndoo ya maji machafu, anatuangalia, anatikisa kichwa. "Mnachezea uchafu na midoli mizuri ipo ndani," anasema, kana kwamba ni sisi tulioficha ufunguo.

Wenzangu walikuwa wanacheza. Mimi nilikuwa nacheza na pia namwita baba yangu, na hilo la pili sikumwambia mtu, hata Shija.

Makopo hayakumleta. Nikafikiri ni madogo mno, hayaonekani kutoka mbali. Mafundi waliokuja kupaka ukuta walikuwa wameacha ndoo tupu ya rangi, kubwa, yenye mfuniko. Hiyo ndiyo ikawa mzinga wangu hasa. Nikaikwangua, nikaifunika kwa magome, Shija akanisaidia kuipandisha kwenye panda ya chini ya mtundu na kuifunga. Unyayo wa kwale nikauchora kila upande kwa msumari. Halafu nikakumbuka Baba alivyokuwa akifanya kabla hajatundika: anapaka nta ndani. Nilikuwa na nta moja tu duniani. Nilikuwa nalala nayo chini ya shavu, naitafuna kidogo, naifunga tena. Nikakifungua kile kitambaa, nikaiacha nta juani ilainike, nikaisugua ndani ya ile ndoo yote mpaka ikaisha, vidole vikanata siku nzima. Nilibaki na kitambaa. Sikujuta, kwa sababu niliona ni kwa siku chache tu, Baba akija atanipa nyingine.

Wakaja nyuki.

Nawaambia wakaja kweli, wa kweli, siyo wale watoto. Mchana mmoja wa joto mlio ulishuka kutoka juu ya mabati, anga ikawa na vumbi linalotembea lenyewe, na lile vumbi likakusanyika kwenye mtundu, likaingia kwenye ndoo yangu. Watoto walipiga kelele wakakimbilia ndani. Shija alikimbia na ng'ombe wawili kwapani. Mimi nilisimama palepale, mikono nimeiachia, furaha imenijaa mpaka masikio yanavuma. Nyuki wameijua alama. Wakijua nyuki, mwenye nyuki naye yuko njiani.

Mama Fina alifunga madirisha yote. Jioni ilipoingia nikamsikia anamwagiza mlinzi: petroli, kitambaa kwenye ufito mrefu, wachomwe wote kabla hawajaua mtoto wa watu. Kwa kweli, mwenye kulea watoto wengi angefanya nini? Lakini mimi niliposikia kuchomwa nilitoka mbio kwa mlango wa jikoni, nikalikumbatia shina la mtundu, nikaliganda kama kupe. Mlinzi akanivuta, nikamng'ata. Mama Fina akafika anahema.

"Wewe mtoto una wazimu? Toka hapo! Unataka kufa?"

"Msichome! Msichome, ni wa Baba!"

"Nini cha baba?"

"Mzinga! Una alama yake. Akija ataangalia alama, akikuta mmechoma atapita! Atapita moja kwa moja!"

Mama Fina alisimama. Aliangalia ile ndoo ya rangi iliyokwanguliwa, na yale makopo, mengi, yaliyoning'inia kila tawi alilokuwa akipita chini yake kila siku na ndoo yake ya maji machafu. Alinyoosha mkono akalishika moja, akalipindua taratibu, akaona unyayo wa kwale. Akashika la pili. Akashika tama. Kisha akamwambia mlinzi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Rudisha petroli."

Kesho yake aliitwa mrina asali kutoka sokoni, akaja mzee mmoja mwembamba, wanamwita Mzee Ntinda, mwenyeji wa Inyonga. Alikuja na kienge chake na mzinga wa magome begani. "Shikamoo, babu," tukamsalimu kwa pamoja kutoka dirishani. "Marahaba, wajukuu. Kaeni hukohuko." Akapanda, akapuliza, nyuki wakatulia. Mimi nilipenya nikasimama chini ya mti, hakuna aliyeweza kunizuia. Nikamwona ananyoosha mkono kuifungua ile ndoo, halafu mkono ukasimama hewani.

"Hii alama kachora nani?"

"Mimi, babu."

"Nani kakufundisha?"

"Ya Baba." Nikamtajia jina lake lote, na la babu, kama tulivyofundishwa kujieleza.

Mzee Ntinda aliwahamisha nyuki bila haraka, akashuka, akajifuta uso kwa kofia yake muda mrefu kuliko jasho lililokuwepo. Halafu akaenda kuongea na Mama Fina upande wa jikoni. Niliona midomo inachezacheza. Nilimwona Mama Fina anakaa chini juu ya kinu kilicholazwa, na mimi nikajiambia moyoni: wanapanga siku ya Baba kuja. Nikaenda kunawa miguu, ili akija anikute msafi.

Mama Fina aliniita mchana huohuo. Alinikalisha mbele yake, akanishika mikono yote miwili, na akaniambia moja kwa moja, hilo namshukuru mpaka kesho. Baba yangu alianguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga, mbali huko msituni, msimu uleule alioniacha. Wenzake walimbeba wakamzika kijijini. Walijua ana binti, walijua amempeleka mjini, hawakujua wapi, na waliuliza wakachoka. Mzee Ntinda alikuwa kambi moja naye. Mizinga yake ilikuwa bado inaning'inia na hakuna aliyeigusa.

"Umenielewa, mwanangu?"

"Sawa," nikasema.

"Baba hatakuja tena."

"Sawa, Mama." Nikamwomba ruhusa ya kwenda kuchota maji ya ng'ombe wa Shija. Nilichota, nikampelekea, nikarudi ndani nikakaa.

Na kuanzia hapo nikaacha kucheza. Sikulia. Nilikula nilichopewa, nilioga nilipoambiwa, nilikuwa mtoto mzuri ajabu, mtoto ambaye kila mlezi angemtamani. Ndani yangu palikuwa kama chumba ambacho watu wamehama. Wenzangu walikuja mlangoni, "Twende kambini," nikasema sitaki. Shija aliniletea ndama mpya, hajakauka vizuri, akamweka mapajani mwangu bila kudai malipo. Nikamshukuru. Nikamwacha pale kitandani mpaka akapasuka.

Mama Fina aliliona hilo, na alifanya jambo kubwa kabisa alilolijua. Siku moja ya kawaida kabisa, hakuna sherehe, hakuna gari getini, alifungua pindo la kanga, akafungua kabati la vioo, akamtoa yule mdoli wa nywele za njano na kunipa. "Chukua. Ni wako. Mpaka achakae."

Nilimpokea kwa mikono miwili. Nikamwuliza, "Wageni wako wapi, Mama?"

"Hakuna wageni. Cheza tu."

Nilitafakari. Halafu nikaenda kwenye lile benchi la picha, nikakaa mwisho pale nilipozoea kukaa, nikanyoosha gauni, nikamweka mdoli magotini ameangalia mbele. Nikatabasamu. Nikasubiri. Shavu lilianza kuuma lakini niliendelea kutabasamu, kwa sababu mpiga picha akichelewa mtoto hatakiwi kukunja uso. Mama Fina alisimama katikati ya sebule na ufunguo mkononi. Nakumbuka uso wake ulivyosawijika. Alikuja akanitolea mdoli mikononi polepole, akaenda jikoni, na huko nikasikia anapenga kamasi na kumgombeza mpishi kwa kosa ambalo halikuwepo.

Mimi nimelea watoto, wa kwangu na wa wenzangu, na nimesikia watu wazima wakisema watoto wa vituo wanahitaji chakula, dawa na shule, hayo mengine ni anasa. Huwa sibishani nao sana. Huwa naliwaza lile benchi.

Siku iliyofuata Shija alinivuta kwa nguvu. Alinishika mkono akanikokota mpaka nyuma ya vyoo, akaniketisha chini ya mtundu, akasema, "Kaa tu. Usicheze. Ulinde." Nikakaa. Wengine walikuwa wanacheza kidogo kidogo, bila raha, kwa sababu kambi ilikuwa yangu na mwenye kambi hasemi. Ndipo tukasikia malapa yanapiga kisigino, pa, pa, na Mama Fina akatokea kwenye kona ya choo. Tukaganda. Mkononi hakuwa na ndoo.

"Hodi kambini," akasema.

Tukaangaliana. Shija ndiye aliyejikaza. "Karibu, mayu."

"Nimekuja kucheza." Alilisema neno hilo kwa shida, kama mtu anayejaribu Kiingereza. "Niwe nani?"

"Uwe ng'ombe," Shija akasema mara moja. "Tuna upungufu wa madume."

Watoto wakaziba midomo. Mama Fina hakumgombeza. Alikuwa ananiangalia mimi. "Mwenye kambi aseme," akasema. "Niwe nani?"

Sijui lilitoka wapi. Nilikuwa sijatamka neno tangu asubuhi. Nikasema, "Uwe nyuki."

"Nyuki anafanyaje?"

Yule mtoto ambaye zamani hakuwa anasema akamsogelea, akamwinamisha kwa kumvuta kanga, akamwonyesha kwa makini sana: "Vvvvv." Kisha akamfinya mkono, ili ajue na sehemu ya pili.

Mama Fina akavua malapa. Akajifunga kanga kiunoni, akanyoosha mikono pembeni, akaanza. "Vvvvv!" Jamani. Ardhi ilitikisika. Mama yule mzima na mwili wake alizunguka mtundu anavuma, anamfinya huyu, anamfinya yule, watoto wanapiga mayowe, zizi la Shija likakanyagwa na Shija mwenyewe akawa anacheka amelala chali. Halafu akanigeukia. Sikuwa nimepanga kukimbia, miguu ilikimbia yenyewe. Alinifukuza kuvuka mto wa majivu, kuizunguka kambi, nikasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa, kumbe ni mimi. Alinidaka karibu na shina, akanifinya bega. "Nimekuuma!"

Nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi, na katikati ya kicheko kilekile nikaelewa kwamba Baba amekufa. Sikumbuki kicheko kiliisha wapi. Nakumbuka sauti yangu ikipanda, na wenzangu wakiacha kukimbia mmoja mmoja, na mimi nikisubiri huku nalia niambiwe nyamaza, kwa sababu mtoto akilia huambiwa nyamaza. Mama Fina alikaa chini kwenye vumbi, akanivuta akanipakata, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mchezo umekwisha, akaendelea kuvuma, taratibu, kifua chake kikitetemeka kwenye sikio langu, mpaka nilipomaliza.